Uzi: Mafaili makubwa ya gemu hayasomeki katika folda ya OBB, tatizo liko wapi?

Mtoto wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naleta suala ambalo naamini halinihusu mimi peke yangu. Nilinunua gemu la Grand Theft Auto: San Andreas kwa akaunti yangu ya Google nilipokuwa na simu ya zamani, na kabla kioo cha simu hiyo hakijapasuka nilimwachia kaka yangu aliyeko Unguja nakala ya gemu zima, yaani faili la APK linalosakinisha programu pamoja na mzigo wake wa data, ule unaoitwa OBB, katika kompyuta yake. Sasa nimepata simu nyengine yenye Android 13. Kwa kuwa mzigo wa gemu hili unazidi GB 2, na bei ya bando si ya kuchezea, kaka aliniwekea kila kitu katika kadi ya kumbukumbu, kadi ikapanda boti hadi Mkoani, na kutoka Mkoani ikafika Wete kwa gari ya abiria.

APK imekubali kusakinishwa bila taabu. Nikafungua zipu, nikanakili folda ya com.rockstargames.gtasa ili niibandike katika Android/obb ya hifadhi ya ndani, lakini programu ya mafaili iliyokuja na simu ikakataa kubandika. Ndipo nikaiweka katika Android/obb ya kadi yenyewe. Hata hivyo, kila nikilifungua gemu linanitaka nipakue data upya. Naomba anayejua anieleze kwa utaratibu: je, folda siyo, au mafaili yenyewe ni mabovu?

Kijana wa Konde

Folda uliyoitaja ndiyo yenyewe, Android kisha obb. Mimi huweka hapo siku zote na magemu yanafunguka bila neno. Labda simu imejaa. Izime, uiwashe tena, ujaribu.

Fundi wa Mlandege

Wa alaykumu salaam. Kijana wa Konde amelitaja jina la folda sawasawa, na kwa simu za Android 10 kurudi nyuma jibu lake lingetosha. Kwa Android 13 yapo mambo mawili yaliyochanganyika ambayo inafaa yatenganishwe: pahala ambapo gemu linatazama, na nani anayeruhusiwa kuweka kitu pahala hapo.

Tuanze na kadi. Simu yenye kadi ya kumbukumbu huwa na folda mbili zinazoitwa Android, moja katika hifadhi ya ndani na nyengine katika kadi, na ndani ya kila moja unaweza kukuta au kutengeneza folda ya obb. Kwa macho zinafanana, lakini magemu mengi ya aina hii hutazama ile ya hifadhi ya ndani tu, ambayo njia yake kamili ni /storage/emulated/0/Android/obb. Mzigo ukiwa kwenye kadi, gemu halioni kitu na hukimbilia kuomba kupakua. Kwa hiyo hata kama mafaili yako ni mazima, hapo ulipoyaweka hayatasomeka. Zipo simu zinazoruhusu kadi iunganishwe na hifadhi ya ndani zikawa kitu kimoja, jambo lililokuja na Android 6.0 mwaka 2015, lakini watengenezaji wengi wameliondoa, na mimi sipendi kumshauri mteja alitumie hata pale lilipobaki, kwa sababu kadi za bei rahisi huchakaa upesi na zikifa hufa na kila kilichomo.

Sasa ruhusa. Google ilianza kubana namna programu zinavyoingia katika hifadhi tangu Android 10 ya mwaka 2019, na katika Android 11 ya mwaka 2020 ikafunga folda mbili, Android/data na Android/obb, ili programu moja isichungulie vitu vya programu nyengine. Nia yake ilikuwa njema, kwani kabla ya hapo hata programu ya tochi, ukishaipa ruhusa ya hifadhi, iliweza kusoma humo. Matokeo yake ni kwamba programu nyingi za kusimamia mafaili, hata ukizipa ruhusa ya kusimamia mafaili yote, hukuonyesha folda tupu au hukataa kubandika. Android 13 ikaziba na vichochoro ambavyo wajanja walikuwa bado wakipitia. Simu yako haina ubovu wowote katika hilo.

Njia ninayoiamini ni kompyuta na waya wa USB. Unganisha simu, vuta chini orodha ya arifa, gusa arifa ya USB na uchague kuhamisha faili badala ya kuchaji. Katika kompyuta fungua hifadhi ya ndani ya simu, ingia Android, kisha obb, na ubandike humo folda yenye jina la gemu. Anayepokea faili kwa njia hii ni mfumo wenyewe wa simu, si programu ya kawaida, na ndiyo maana katika simu nyingi njia hii inabaki wazi. Hakikisha tu kwamba waya wako unapitisha data, maana waya nyingi zinazouzwa mabandani hupitisha umeme peke yake na mtu hukaa akiilaumu kompyuta ya watu. Kwa waya mzuri GB 2 huisha kwa dakika chache, ilhali Bluetooth ingekula saa mbili na zaidi kwa mzigo huohuo.

Asiyekuwa na kompyuta atumie ZArchiver, programu ya simu ya kufungua zipu na kusimamia mafaili. Android humhesabu mwenye ruhusa ya kusakinisha programu nyengine kuwa ni msakinishaji, na msakinishaji huachiwa kuingia Android/obb, ijapokuwa Android/data inabaki imefungwa kwake. Nenda katika mipangilio, tafuta sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, chagua ZArchiver na uwashe “Ruhusu kutoka chanzo hiki”. Simu itaifunga programu hiyo papo hapo, nawe utaifungua tena na kuikuta folda ya obb ikiingilika. Ukishamaliza, rudi uizime ruhusa hiyo; haina haja ya kubaki wazi mwaka mzima kwa kazi ya dakika chache.

Utaratibu pia una maana. Sakinisha gemu, usilifungue, weka mzigo, kisha ndipo ulifungue. Ukilifungua mapema linaweza kuanza kupakua na kuacha kipande cha faili ndani ya folda, na kipande hicho kitakuchanganya baadaye kwa sababu jina lake litafanana na la faili zima.

Mtoto wa Wete

Shukran sana Fundi. Nitaazima kompyuta ya jirani leo usiku, umeme ukikubali. Kuna jambo jengine: ndani ya zipu naona folda ya com.rockstargames.gtasa, nikiifungua nakuta folda nyengine ya jina hilohilo, na mafaili yamo humo ndani. Je, nihamishe ipi?

Mwalimu wa Chwaka

Ndugu yangu, hapo umegusa penyewe. Fundi amelimaliza suala la pahala, lakini mimi nafundisha kompyuta skuli na naona vijana wengi wakifika folda sahihi kisha wakakwama kwa sababu ya majina. Hamisha ile folda ya ndani, ambayo ukiifungua unakutana na mafaili moja kwa moja. Njia inapaswa kuwa Android/obb/com.rockstargames.gtasa/ halafu faili, bila ya folda nyengine katikati. Hali hii ya folda ndani ya folda hutokea kwa sababu programu za kufungua zipu mara nyingi hutengeneza folda mpya yenye jina la zipu, na mtu aliyefunga zipu naye alikuwa ameshafunga folda nzima badala ya mafaili yaliyomo.

Sasa tazama majina ya mafaili yenyewe. Faili kuu la gemu lako, kwa toleo lililoenea, huitwa main.8.com.rockstargames.gtasa.obb, na la pili huitwa patch.8.com.rockstargames.gtasa.obb. Neno la mwanzo linaeleza kama ni mzigo mkuu au nyongeza yake. Namba inayofuata ni namba ya toleo ambayo APK imepangiwa kuitafuta. Kisha linakuja jina rasmi la programu, lilelile la folda, na mwisho .obb. Gemu halipekui folda kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Linauliza faili moja kwa jina lake kamili, na nukta moja ikipungua basi kwa gemu faili hilo halipo. Kwa sababu hiyo APK ya toleo jipya haitalikubali faili lenye namba 8 ikiwa imepangiwa namba nyengine, na kubadilisha namba kwa mkono hakusaidii sana, kwani hata likikubalika jina, vilivyomo ndani vinaweza visilingane na programu na gemu likajifunga katikati.

Majina huharibika katika safari. Kivinjari kikikuta faili la jina hilo limeshapakuliwa, huongeza (1) mwishoni. WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2022 inabeba nyaraka hadi GB 2, ina tabia ya kuzipa nyaraka majina yake yanayoanza na DOC na tarehe, kwa hiyo anayetuma OBB kwa njia hiyo ajitayarishe kuliandika jina upya. Telegram huliacha jina lilivyo. Windows nayo kwa kawaida huficha herufi za mwisho wa jina, hivyo unaweza kuona .obb ikiishia hapo kumbe faili linaitwa .obb.zip, na ukijaribu kulirekebisha ukaandika .obb nyengine juu yake. Washa kwanza uoneshwaji wa herufi hizo katika mipangilio ya folda za Windows, ndipo uguse jina lolote.

Na tafadhali, faili la OBB lisifunguliwe. Baadhi yake ndani ni zipu iliyopewa jina jengine, na ZArchiver ukiligusa inakuonyesha vilivyomo, basi mtu anafurahi, anakitoa kila kitu nje, anakuwa na maelfu ya vipicha na sauti katika folda ya obb na gemu halioni hata kimoja. Zipu iliyolibeba OBB hufunguliwa. OBB yenyewe huachwa ilivyo.

Mkaazi wa Uzi

Mimi nadhani mnamchosha kijana wa watu. Kompyuta ya nini wakati simu kwa simu inafaa? Quick Share, ambayo zamani ikiitwa Nearby Share, inapeleka faili la GB 2 kwa Wi-Fi ya moja kwa moja baina ya simu mbili bila kutumia hata senti ya bando. Huku kwetu ndivyo tunavyogawana.

Fundi wa Mlandege

Mzee wangu, kupeleka kunafaa, na kwa kasi ni bora mara nyingi kuliko Bluetooth. Ila faili likipokelewa hutua katika folda ya Download, si katika Android/obb. Safari inayobaki, kutoka Download hadi obb, ndiyo iliyomshinda mwenzetu, na hiyo ndiyo inayotaka kompyuta au ZArchiver.

Halafu iko hesabu ya nafasi. Zipu ya GB 2 ikifunguliwa inatoa GB nyengine 2 hivi, na wakati wa kuhamisha kwenda obb simu inaweza kunakili kwanza kisha ikafuta, kwa hiyo kwa muda mfupi mzigo mmoja unakaa mara tatu. Mwenye simu ya GB 32, ambayo mfumo na picha za harusi zimeshameza sehemu kubwa, atajikuta faili limekatika katikati na simu haikumwambia lolote la maana. Kwa njia ya waya balaa hili halipo, kwa sababu zipu inafunguliwa ndani ya kompyuta na simu inapokea OBB tu.

Mtoto wa Wete

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyonielekeza. Nimeifuta folda ya kwenye kadi, nimehamisha folda ya ndani kwa waya hadi Android/obb ya hifadhi ya ndani, na majina yote mawili yako sawa na alivyoandika Mwalimu. Gemu limefunguka hadi nembo ya mwanzo, kisha linasema faili moja halijakamilika na linataka kupakua. Sijui tena ni lipi.

Mwalimu wa Chwaka

Basi suala la folda na jina limekwisha, na kilichobaki ni uzima wa faili. Mwambie kaka yako afungue sifa za kila faili katika kompyuta yake na akusomee ukubwa kwa baiti, siyo kwa GB, kwa sababu mafaili mawili yanaweza yote kuonekana ni GB 1.8 huku moja likiwa limepungukiwa na MB kadhaa. Nawe tazama ukubwa wa nakala yako kwa namna hiyohiyo. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, nakala imeharibika.

Ikiwa ukubwa unalingana na bado mnashuku, Windows ina kipimo chake. Fungua dirisha la amri katika folda lilimo faili na uandike certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, ukiweka jina kamili badala ya maneno yangu. Itatoka mistari ya herufi na namba. Kaka yako afanye vivyo hivyo kwa faili lake, na mkilinganisha zikiwa sawa basi nakala ni nzima kwa yakini. Ni kipimo kizuri kuliko kufungua gemu na kungoja likatae.

Na je, zipu ilikuwa na ukubwa gani, na kadi ni ya GB ngapi? Kadi za GB 32 na chini yake kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufika GB 4. OBB yenyewe haina wasiwasi huo, kwa kuwa Google iliruhusu kila OBB isizidi GB 2, lakini kaka yako akikusanya magemu mawili matatu katika zipu moja anaweza kuuvuka mpaka huo bila kutanabahi. Kadi kubwa zaidi hutumia exFAT na hazina kizuizi hicho.

Mtoto wa Wete

Kadi ni ya GB 64, kwa hiyo nadhani hilo halihusiki. Nimempigia kaka. Faili la main linalingana baiti kwa baiti. Faili la patch langu ni dogo kuliko lake. Anasema alipokuwa akinakili kwenda kwenye kadi boti ilikuwa karibu kuondoka, akaichomoa kadi mara tu mstari ulipojaa.

Fundi wa Mlandege

Hapo ndipo. Mstari wa kunakili ukijaa haimaanishi kwamba kila kitu kimeshaandikwa kwenye kadi, kwani kompyuta inaweza kuwa bado inamalizia nyuma ya pazia. Ni lazima achague kuiondoa kadi kwa usalama, angoje ruhusa, kisha achomoe. Habari njema ni kwamba main ni zima, nalo ndilo kubwa. Mwambie akutumie patch peke yake. Kwa kuwa ni dogo, hata kwa Telegram litafika, na hutamaliza bando kama ungepakua gemu zima.

Lakini litakapofika, futa lile la zamani katika folda ya obb kabla ya kubandika jipya. Baadhi ya programu, zikikuta jina limeshatumika, huongeza namba badala ya kubadilisha, na tutarudi kulekule kwenye majina.

Kijana wa Konde

Fundi, samahani nitoke kidogo lakini ndani ya suala hilohilo. Mimi natumia PPSSPP na magemu yangu ni ya ISO. Hayo nayo niyaweke obb?

Fundi wa Mlandege

La, mdogo wangu. PPSSPP ni programu inayojifanya PSP, ile mashine ya magemu ya mkononi ya Sony, ndani ya simu, na ISO au CSO ni nakala ya diski ya PSP. Inayosoma ni PPSSPP yenyewe, kwa hiyo faili linaweza kukaa folda yoyote unayoipenda, hata kwenye kadi, mradi umeonyesha PPSSPP folda hiyo. Ndiyo maana watu huona PPSSPP ni rahisi kuliko OBB. Diski ya PSP haikuweza kubeba zaidi ya GB 1.8, basi hata FAT32 haikusumbui. CSO ni ileile ISO iliyobanwa ili ipungue ukubwa.

Ukitoa kitu katika zipu au RAR na kukuta vipande vya part1, part2 na kuendelea, viweke vyote katika folda moja, fungua cha kwanza tu, na vyengine vitafuatana vyenyewe. Kikikosekana kimoja hakitoki kitu.

Angalizo lililo muhimu kwako ni folda ya PSP, ambamo ndani yake kuna SAVEDATA iliyobeba maendeleo yako. Katika simu za Android 11 na kuendelea PPSSPP hukuuliza mwanzoni uichague wapi, na moja ya machaguo ni folda ya faragha ya programu. Ukichagua hiyo, siku utakapoiondoa programu maendeleo yako yote huondoka nayo. Chagua folda yako mwenyewe iliyo nje.

Mkaazi wa Uzi

Nami nina suala, kwa kuwa Fundi yuko barazani. Mjukuu wangu ana gemu jipya la GB 3, nimetazama katika Android/obb na hakuna folda yake kabisa. Limejificha wapi? Nataka nimnakilie binamu yake.

Fundi wa Mlandege

Mzee wangu, OBB ni utaratibu wa zamani. Google iliuanzisha mwaka 2012, wakati APK katika duka lake haikuruhusiwa kuzidi MB 50, ikasema anayetaka zaidi aongeze mafaili mawili ya nje, main na patch, kila moja hadi GB 2. Tangu Agosti 2021 programu mpya zinazoingia katika duka hilo zinatakiwa kutumia utaratibu mwengine ambao mzigo hugawanywa vipande na kuwekwa ndani ya eneo la programu lisilofikika kwa mkono. Magemu mengine, khasa ya kucheza mtandaoni, hujipakulia mzigo wao wenyewe katika Android/data baada ya kufunguliwa. Kwa hiyo kabla mtu hajahangaika na folda ya obb, na atazame kwanza katika simu ambayo gemu linafanya kazi: ikiwa folda ya jina la gemu haimo katika obb, au imo lakini tupu, basi mbinu zote za uzi huu hazimhusu.

Lile faili la XAPK ambalo vijana hulizungumza ni zipu tu iliyobeba APK na OBB pamoja. Ukilifungua kwa ZArchiver utaviona viwili hivyo na utavihamisha kila kimoja pahala pake. Na hapa niseme wazi: OBB ni data na peke yake haina madhara makubwa, lakini APK ni programu inayopata ruhusa katika simu yako yenye picha zako na huduma zako za pesa. APK aliyonayo Mtoto wa Wete ilitoka katika simu yake mwenyewe na gemu amelilipia, hivyo sina neno. APK iliyookotwa mtandaoni, iliyobadilishwa ili gemu la kulipia liwe la bure, mimi siisakinishi hata katika simu ya majaribio dukani kwangu.

Kijana wa Konde

Na wenye iPhone?

Mwalimu wa Chwaka

Hawana folda ya kuhamishia. Gemu lao hutoka katika duka la Apple likiwa zima na mzigo wake, au hujipakulia wenyewe.

Mtoto wa Wete

Alhamdulillah, limefunguka. Patch imefika, nimefuta ya zamani, nimebandika mpya, na gemu limeingia moja kwa moja bila kuomba kupakua kitu. Nawashukuru nyote, Fundi, Mwalimu na wazee.

Nina mawili ya mwisho. La kwanza, je, gemu likijisasisha lenyewe usiku nitaamka nikute linataka data mpya? La pili, nimeanza mwanzo kabisa. Maendeleo yangu ya simu ya zamani hayakuja. Yalikuwemo katika OBB au yamepotea?

Mwalimu wa Chwaka

Kwa la kwanza, ndiyo, inawezekana. Toleo jipya linaweza kuhitaji namba nyengine ya OBB au likaacha kabisa utaratibu huu. Fungua ukurasa wa gemu hilo katika Play, gusa nukta tatu za juu, na uzime usasishaji wa kiotomatiki kwa gemu hilo peke yake. Ukumbuke pia kwamba ukiliondoa gemu, simu hufuta na folda yake ya obb, kwa hiyo nakala ya kaka yako isifutwe. Na siku utakapobadilisha simu tena, fahamu kwamba Android 14 ya mwaka 2023 hukataa kusakinisha APK zilizotengenezwa kwa kulenga mifumo iliyotangulia Android 6.0, basi APK ya zamani sana inaweza kukataliwa kabla hata hujafika kwenye mzigo.

Fundi wa Mlandege

Kwa la pili, OBB hubeba picha, sauti na ramani za gemu, ambazo ni sawa kwa wachezaji wote. Maendeleo yako hukaa kwengine, na kwa gemu hili utayatafuta katika Android/data/com.rockstargames.gtasa/files ya simu ya zamani. Kama simu hiyo bado inawaka, hayajapotea.

Ulisema kioo kimepasuka. Ikiwa sehemu ya chini haigusiki, tafuta kipande cha OTG, kile kinachounganisha vifaa vya USB na simu, na panya ya kawaida ya kompyuta, uichomeke kwenye simu, na mshale utatokea kwenye kioo kama kwenye kompyuta. Kwa kutumia panya hiyo ondoa kwanza nywila ya kufungulia simu, kwa sababu tundu ni moja na ukishachomoa panya ili uweke waya wa kompyuta hutaweza tena kuandika namba za chini. Kisha gusa mara 7 mstari wa namba ya muundo katika sehemu ya kuhusu simu ili zitokee chaguo za wasanidi programu, na humo uweke hali ya kawaida ya USB iwe kuhamisha faili. Baada ya hapo chomoa panya, unganisha na kompyuta, washa kioo, na nakili folda ya files.

Katika simu mpya gemu umeshalifungua, basi folda yake ndani ya Android/data imeshajitengeneza. Lifunge kabisa gemu, pitia kompyuta tena, kwani ZArchiver haitaingia humo kwenye Android 13, na ubandike yale mafaili ya maendeleo tu, siyo folda nzima, ili usifute mipangilio ya kioo iliyowekwa kwa simu hii mpya. Ikiwa simu ya zamani itakataa panya, iletwe na boti kwa kaka yako, aipitishe dukani Mlandege.